Majina ya Pahali katika Vitabu vya Jamaa Zetu

(Mazungumzo ya katekista, yaliyosomwa Siku ya Jamaa katika sherehe za jubilei ya parokia)





Bwana Paroko aliniomba niseme machache juu ya kazi ambayo vijana wetu waliianza kwa ajili ya jubilei hii, yaani kuandika ukoo wa jamaa zetu katika kompyuta. Nitasema juu ya jambo moja tu: jina la pahali. Wengine watawaza kwamba ni jambo dogo. Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka siku nilipochelewesha ndoa ya watu wawili.

Kijana mmoja alikuja kwangu kuandikisha ndoa. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita iliyoanza mwaka 1998, naye alibatizwa ukimbizini. Mkononi alishika kikaratasi chenye maneno haya: amebatizwa Kala. Mimi tangu utoto naijua Kala iliyo ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania. Basi niliandika barua kwenda huko upesi, bila kumwuliza neno lingine. Tulingoja miezi. Jibu likaja: jina lake halimo kitabuni. Hapo wazee wa upande wa mchumba wakaanza kuuliza kama kijana huyu ni mkristu kweli, na kama hakuacha mke huko alikotoka. Kumbe alibatizwa Kala ya Zambia, katika kambi ya wakimbizi ambamo watu wengi wa kwetu walikaa, na ambayo leo haipo tena. Kama neno «Zambia» lingekuwa kwenye karatasi ile, au kama mimi ningeuliza, wangefunga ndoa kabla ya Pasaka. Walifunga mwezi wa tisa.

Mapadri waliopo hapa wanajua kwa nini barua ile ilikuwa ya lazima. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 877, inaagiza kuandika kitabuni pahali na tarehe ya ubatizo, tena pahali na tarehe ya kuzaliwa. Na kanuni 1122 inaagiza kwamba ndoa iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo. Ikiwa mtu alibatizwa kwingine, paroko sherti ampashe habari paroko wa huko. Lakini habari itafika wapi, ikiwa jina la pahali linaelekea penye njia mbili?

Sasa nirudi kwa vijana wetu na mashine yao. Walipoanza kunakili vitabu vya zamani, mmoja aliandika Baudouinville, mwingine Baudouin-ville, mwingine B/ville kama alivyofanya karani wa kale kwa kubana wino, mwingine Kirungu, mwingine Moba, mwingine Moba-Kirungu. Mzee yeyote wa hapa, ukimsomea majina hayo, atakuambia ni upande ule ule. Mashine haijui. Ilihesabu pahali sita. Ubaya haukuishia hapo. Nkambo wangu mwanamke alitokea mara mbili: Maria aliyezaliwa Baudouinville, na Maria aliyezaliwa Moba, kila mmoja na watoto wake. Mpwa wangu akaja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama nkambo mwanaume alikuwa na wake wawili. Nilicheka, lakini dada yangu mkubwa hakucheka.

Basi, tufanye nini? Wengine wamependekeza kufuta majina yote ya kikoloni na kuweka ya leo. Naelewa moyo wao, lakini sikubali. Tuchukue mfano wa Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Congo. Alipewa upadri Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917. Ukiandika kwamba alipewa upadri katika Jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, umeandika jimbo lililoanzishwa mwaka 2015 na nchi ambayo mwaka 1917 iliitwa Congo ya Wabeleji. Tena, mtafutaji atakayefika kwenye makabati ya Wamisionari wa Afrika hatapata neno Tanganyika juu ya karatasi hiyo, atapata Baudouinville.

Jina moja tu la jimbo letu la serikali lingetosha kutuchosha. Katanga, kisha kuanzia mwaka 1933 Jimbo la Elisabethville, mwaka 1947 Katanga tena, mwaka 1962 upande wetu ukaitwa Katanga ya Kaskazini, kisha Katanga, mwaka 1971 Shaba, mwaka 1997 Katanga, mwaka 2015 Tanganyika. Mwangalie hasa miaka ile ya 1933 mpaka 1947. Karatasi ya wakati huo ikisema Elisabethville, huenda ni mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, huenda ni jimbo zima. Vivyo hivyo Costermansville: ni mji wa Bukavu, au ni Kivu yote. Na Baudouinville ilikuwa misioni, tena teritwari, tena vikariati ya kitume. Watu wamesafirishwa mbali sana kwa kalamu, bila kupanda mashua.

Shauri tulilolifuata ni hili. Programu nyingine, kama ile iitwayo Gramps inayotolewa bure, huruhusu pahali pamoja pawe na ukurasa mmoja tu, na chini yake majina yote yaliyopata kutumika, kila moja na miaka yake. Katika habari za mtu tunaandika jina kama karatasi ilivyoliandika, hata likiwa na kosa. Kisha tunalifunga na ukurasa ule mmoja. Kirungu ni ukurasa wake, na Moba ya bandarini, kule ziwani, ni ukurasa mwingine. Tunaanza na kijiji, kisha usultani, teritwari, jimbo, nchi. Neno «jimbo» lenyewe hututega, maana ni la Askofu na la serikali pia. Kwa hiyo la Askofu tunaandika diyosezi. Na pale tusipojua kijiji, tunaacha wazi. Hatukisii.

Kazi iliyobaki ni yenu, wazee. Viko vijiji vilivyohamishwa, na vingine vilivyochomwa wakati wa vita, ambavyo havimo katika ramani yoyote. Mwenye kukumbuka kilikuwa ng'ambo gani ya mto, na sultani wake nani, aje nyumbani kwangu siku ya alhamisi jioni. Kijana wa kuandika atakuwapo. Na yule bwana arusi wa Kala amekubali kuja kutuambia majina ya mitaa ya kambi yao, kabla hayajapotea.