Mtoto Anapomshitaki Mzazi Wake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., aali zake na masahaba zake.

Mwaka 1992, katika mji wa Orlando, jimbo la Florida huko Marekani, mvulana wa miaka 12 alifika mahakamani na ombi zito: mama yake mzazi aondolewe haki zote juu yake, ili yeye awe mtoto wa familia iliyokuwa ikimlea. Kwa miaka mingi alikuwa amelelewa mbali na mama huyo. Kesi ilioneshwa katika televisheni, na mwezi wa Septemba jaji alimkubalia. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ilisema kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kisheria wa kufungua shauri kama hilo kwa jina lake mwenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa watu wazima nao walikuwa wameleta maombi ya namna hiyo, hukumu ya kumwondolea mama haki zake iliachwa isimame.

Wengi wetu tukisikia habari hii hutikisa vichwa na kusema: "Hayo ndiyo malezi ya Kizungu!" Nawaombeni tusifanye haraka. Kwanza tujiulize, dini yetu inasemaje?

Uislamu umetenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: nasaba na ulezi. Nasaba haifutwi na hakimu. Kurani Tukufu katika Sura Al-Ahzab imeagiza watoto waitwe kwa majina ya baba zao, hata wakilelewa katika nyumba za watu wengine. Kwa hiyo hatukubali kwamba hati ya mahakama inaweza kumfanya mama aliyezaa kuwa si mama tena. Urithi unabaki, na wajibu wa wema unabaki.

Ama ulezi, huo ni amana. Wanazuoni wa fiqhi wameuwekea masharti, miongoni mwayo akili timamu na uaminifu, na anayeyakosa huondolewa ulezi na mtoto akapewa mwingine. Mzazi si mmiliki wa mtoto kama anavyomiliki mbuzi wake.

Tena Mtukufu Mtume s.a.w. hakumfukuza mtoto aliyekuja kulalamika. Bibi Khansa binti Khidham, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na baba yake bila ya ridhaa yake. Alikwenda kwa Mtume s.a.w., naye akaivunja ndoa ile. Hakumwambia: "Nenda ukaombe radhi kwa baba yako." Na wazazi wawili walipogombea mtoto wao wa kiume, Mtume s.a.w. alimwachia kijana mwenyewe achague, naye akaushika mkono wa mama yake.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapojihukumu mwenyewe. Zamani nilipokuwa nikisomesha madrasa, kijana mmoja alikataa kurudi kwao baada ya sala ya Isha. Mgongo wake ulikuwa na alama za kipigo, mpya juu ya za zamani. Nilimsomea maneno ya Sura Bani Israil juu ya kuwaheshimu wazazi, kisha nikamshika mkono nikamrudisha kwa baba yake usiku ule ule. Aya niliyomsomea ni ya haki. Lakini niliitumia kama kufuli, na ile ya Sura At-Tahrim inayotuamrisha kuziokoa nafsi zetu na watu wa nyumba zetu na Moto, sikumsomea baba yake.

Mtoto wa Florida alipata pa kwenda. Je, wa kwetu wanakwenda wapi? Mtoto akikuambia jambo zito, msikilize, wala usimrudishe kabla ya kuchunguza. Wapo watoto wanaosema uongo kwa hasira, na ndiyo sababu uchunguzi unahitajika. Lakini uongo wa mmoja hauhalalishi kuwanyamazisha wote. Waite babu, shangazi na wajomba. Wakishindwa, wapo maofisa wa ustawi wa jamii, na hapa Tanzania Bara ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kuwaendea si kuisaliti dini.

Nanyi vijana mliodhulumiwa, Sura Luqman inafundisha kwamba hata wazazi wanaomwita mtoto kwenye shirki hawatiiwi katika hilo, lakini hukaa nao kwa wema. Kujikinga na dhuluma kunaruhusiwa. Kukata udugu hakuruhusiwi.

Mtoto akifika mbele ya kadhi kumshitaki mzazi wake, ujue kwamba milango mingi ilifungwa kabla ya hapo. Tuifungue sisi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika amana hii, na asitufanye washitakiwa wa watoto wetu Siku ya Kiyama. Amin.

Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.