Nani Arithi Wimbo? Filamu za India ya Kusini na Nyimbo Zake

(Hotuba iliyosomwa ukumbini mwa hekalu katika sherehe za maadhimisho)



Kamati ilipotuomba tuseme neno siku ya leo, pengine ilitarajia tuzungumze juu ya biashara, kwa kuwa sehemu kubwa ya umri wetu tumeimaliza nyuma ya kaunta. Lakini mwaka huu vijana wa hekalu wamekuwa wakionyesha filamu za India ya Kusini ukumbini humu kila mwisho wa mwezi, na majirani wengi wamekuja kuzitazama pamoja nasi. Maswali yaliyoulizwa baada ya maonyesho hayo yalikuwa mazuri kuliko majibu tuliyoyatoa papo kwa papo. Tumeona basi tuyajibu leo kwa utulivu, kisha tutoe ombi moja.

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, hizi nazo si picha za Kihindi? Sisi watu wa mwambao tumezoea kuiita hivyo filamu yoyote itokayo India. Kwa hakika Kihindi ni lugha ya kaskazini, na Kigujarati chetu ni ndugu yake. Kusini ziko lugha nne kubwa, na kila moja ina sinema yake: Kitamil cha Chennai, jiji lililojulikana kwa jina la Madras hadi 1996, Kitelugu cha Hyderabad, Kikannada cha Bengaluru, na Kimalayalam cha Kerala. Lugha hizo ni za ukoo mwingine kabisa. Mgujarati akisikiliza Kitamil ni kama Mswahili akisikiliza Kijaluo: atadaka neno moja moja lililoazimwa, na mengine yote yatampita. Kwa hiyo sisi nasi, tulipoketi kutazama, tulikuwa wageni sawasawa na ninyi. Tulichokishika mwanzo, kabla ya kisa na kabla ya maneno, ni wimbo.

Na wimbo ulikuwamo tangu mwanzo. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931. Mtengenezaji wake, Ardeshir Irani, hakungoja mwaka upite. Tarehe 31 Oktoba mwaka ule ule ilitoka Kalidas, inayohesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya Kitamil yenye sauti, ingawa ndani yake mwigizaji mmoja alisema Kitamil na mwenziwe akamjibu kwa Kitelugu. Watazamaji walivumilia, kwa sababu filamu ilijaa nyimbo. Mwaka uliofuata ikatoka Bhakta Prahlada ya Kitelugu, kisa ambacho kila mtoto wa hekalu hili hukisikia wakati wa Holi.

Siku zile mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, na wapigaji walijificha nje ya picha. Baadaye kazi zikagawanywa. Mtunzi hubuni tuni, mshairi huweka maneno, mwimbaji hurekodi studio, na mwigizaji hufuatisha kwa midomo. Ndiyo maana nyimbo hutolewa kabla ya filamu, na huendelea kusikika redioni muda mrefu baada ya filamu yenyewe kusahauliwa. Ndiyo maana pia sauti moja, kama ya P. Susheela au ya S. Janaki, iliweza kuwa sauti ya waigizaji wengi waliopokezana kizazi baada ya kizazi.

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja jirani yetu: je, nyimbo hizi ni za dini au za burudani? Tulimjibu kwamba ukuta kati ya mambo hayo mawili, huko Kusini, ni mwembamba. Chukueni mfano wa Meera ya 1945. Meera alikuwa binti wa kifalme wa Rajasthan aliyeacha jumba kwa ajili ya kumwimbia Krishna, na mapokeo yanasema safari yake iliishia Dwarka, katika Gujarat yetu. Bhajan zake bibi zetu waliziimba jikoni. Lakini filamu hiyo ilitengenezwa kwa Kitamil, ikaongozwa na Mmarekani, Ellis R. Dungan, na aliyeimba na kuigiza alikuwa M. S. Subbulakshmi, mzaliwa wa Madurai wa mwaka 1916. Mwaka 1947 ikatoka kwa Kihindi, na watu wa kaskazini wakampokea Meera wao kutoka katika kinywa cha mwanamke wa kusini kabisa.

Subbulakshmi alitoka katika jamii ya wanawake wasanii wa mahekalu, jamii ambayo watu walipenda sanaa yake na kuwadharau wenye sanaa. Mwaka 1998 alipewa Bharat Ratna, nishani kubwa kuliko zote za India. Leo rekodi yake ya Suprabhatam, sala ya kumwamsha Mungu wa Tirupati, husikika alfajiri katika nyumba na mahekalu mengi. Waliotaka kumpima kwa ukoo wake wamesahauliwa, na sauti yake ndiyo iamshayo watu.

Tunafika sasa kwenye filamu iliyozua mjadala mrefu kuliko zote ukumbini humu: Sankarabharanam, ya Kitelugu, iliyoongozwa na K. Viswanath na kutolewa tarehe 2 Februari 1980. Jina lake ni jina la raga. Kwa wasiozoea neno hilo, raga ni njia ya sauti: huamua noti zipi zitumike, zipande vipi na zishuke vipi, kama vile bahari za ushairi zinavyomwongoza malenga. Muziki wa kale wa Kusini, uitwao Karnatak, una raga mama 72. Ya 29 ndiyo Shankarabharanam, na ngazi yake ni ile ile ambayo wapiga piano huiita meja. Ndiyo maana sikio la mtu aliyelelewa na kwaya ya kanisani haliioni ngeni.

Kisa chenyewe ni cha Sankara Sastri, mwimbaji mkuu, Brahmini, mkali wa nidhamu. Binti mmoja aitwaye Tulasi, aliyezaliwa katika ukoo wa makahaba, anamheshimu kama mungu kwa sababu ya muziki wake. Tulasi anatendewa jeuri na tajiri mmoja, anamuua, na Sastri anasimama upande wake. Anapompa hifadhi nyumbani kwake, jamii inamtenga, na wapigaji wenzake wanamwacha peke yake jukwaani. Tulasi anaondoka ili asimwongezee aibu. Miaka inapita, watu wanageukia muziki wa kisasa, na mzee anabaki na umaskini na sauti yake. Hapo Tulasi anarudi kimyakimya na mwanawe, mtoto aliyezaliwa kutokana na jeuri ile, na kumweka nyumbani kwa mzee kama yatima, ili ajifunze. Mwishoni Sastri anaimba mbele ya umati kwa mara ya mwisho. Pumzi inamkatika katikati ya wimbo, na mtoto yule anaupokea na kuuendeleza. Kabla ya kufa, mzee anavua pambo la mguuni alilopewa kwa heshima ya ufundi wake, na kumvisha mtoto.

Tafakarini uamuzi huo. Mtu mkali kuliko wote katika kulinda urithi ndiye anayeukabidhi kwa mtoto asiye na jina la baba. Wala hakulegeza masharti hata kidogo. Mtoto alifundishwa, akakosolewa, akarudia, hata akaweza. Sastri alilinda muziki, na kwa kuwa aliulinda kwa kweli, alijua kwamba unalindwa ndani ya koo la mwanafunzi.

Na waliotengeneza nyimbo hizo walikuwa ushahidi wa jambo hilo hilo. Mtunzi wa muziki, K. V. Mahadevan, na mwimbaji wa kike, Vani Jairam, wote walitoka nchi ya Kitamil, na filamu ilikuwa ya Kitelugu. Sauti ya Sastri ni ya S. P. Balasubrahmanyam, aliyekuwa amesomea uhandisi na hakuwahi kukaa chini ya mwalimu wa Karnatak kwa miaka kama desturi inavyotaka. Alifundishwa nyimbo zile kifungu kwa kifungu, akazishika kwa sikio, na yeye na Vani Jairam wakapata tuzo za taifa. Mwigizaji mkuu, J. V. Somayajulu, alikuwa ofisa wa serikali aliyependa tamthilia. Filamu haikuwa na nyota hata mmoja mwenye jina kubwa, lakini watu walifuata nyimbo.

K. Viswanath alirudi kwenye suala hili kwa upande wake wa giza. Katika Swathi Kiranam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwalimu mashuhuri anampokea mtoto mwenye kipaji kuliko chake, kisha wivu unamla. Anamfungia mtoto njia, na mtoto anajiua. Filamu hizo mbili zafaa kutazamwa pamoja: katika ya kwanza mzee anakufa na muziki unaishi, katika ya pili mzee anaishi, na muziki umekwenda kaburini. Viswanath mwenyewe alifariki tarehe 2 Februari 2023, siku ile ile ya mwaka ambayo Sankarabharanam ilitolewa.

Mifano mingine tutaipitia upesi. K. J. Yesudas ni Mkristo wa Fort Kochi, na usiku malango ya hekalu la Sabarimala yafungwapo, wimbo wa kumlaza Mungu Ayyappa, Harivarasanam, hupigwa kwa sauti yake. Ilaiyaraaja alitoka kijiji cha Pannaipuram, akazunguka vijijini akiimba pamoja na kaka yake, na tangu Annakili ya 1976 ametunga muziki wa filamu zaidi ya 1,000. A. R. Rahman, Mwislamu wa Madras, alianza na Roja mwaka 1992, na leo bhajan alizozitungia tuni zinaimbwa na Wahindu bila mtu kuuliza. Na mwaka 2023 wimbo wa Kitelugu, Naatu Naatu wa M. M. Keeravani kutoka filamu ya RRR, ulipata tuzo ya Oscar, na vijana wa mtaa huu wakaucheza barabarani, Wahindu na wasio Wahindu.

Ninyi watu wa pwani hamhitaji kufundishwa somo hili. Waimbaji wa taarabu wa mwambao, akiwamo hayati Juma Bhalo, walizichukua tuni za picha za Kihindi, wakazivika mashairi ya Kiswahili, zikakaa.  Bibi zetu waliposikia tuni wanayoijua ikitoka dirishani mwa jirani kwa maneno ya Kiswahili, walitabasamu.

Sasa ombi letu. Hekalu hili lina darasa la harmoniamu na tabla kila Jumamosi alasiri. Wanafunzi wake leo ni wanne, na wawili watakwenda kusoma ng'ambo mwakani. Mwalimu wetu ni mzee. Wakati huo huo wako watoto wa majirani ambao, kwa kusikiliza tu, wamekwisha kushika bhajan zaidi ya tatu, na wazazi wao wamekuja kutuuliza kwa adabu kama wanaweza kuandikishwa. Tunaiomba Kamati ikubali.

Baadhi ya wazee wenzetu wanahofu. Wanasema bhajan ni sala, haifundishwi kama biashara, na asiyeamini ataiimba kwa mdomo tu. Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki kuipuuza. Jibu letu ni kwamba masharti yabaki yale yale: viatu nje, kuketi sakafuni, kufika kwa wakati, kumtii mwalimu. Imani ya mtoto ni amana ya wazazi wake, na hatutaigusa. Tutakachompa ni raga, mapigo na nidhamu, na atakayetaka kuimba sala aimbe kwa ridhaa ya nyumbani kwao. Gharama ya harmoniamu moja na tabla mbili zaidi, sisi wafanyabiashara wa mtaa huu tumekwisha kukubaliana kuibeba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wenye maduka tunaujua ukweli wa methali hiyo kila mwisho wa mwaka. Muziki huu ni mali yetu kubwa, na daftari lake halikuandikwa kwenye karatasi. Limeandikwa katika kumbukumbu ya mwanafunzi, na mwalimu akiondoka kabla ya mwanafunzi kupatikana, hesabu imefungwa. Duka lisilo na mrithi tunaweza kuliuza. Wimbo usio na mrithi hauna mnunuzi.

Tunaiomba Kamati itoe uamuzi kabla ya Diwali, na tunawaomba ninyi majirani mtuvumilie hadi hapo. Mungu aibariki nyumba hii na mtaa unaoizunguka.  Jai Shri Krishna.