Darubini iliyoanzia kwa mbwa yarejea kwa mbwa

Upasuaji wa matundu madogo, uliozoeleka katika hospitali za binadamu, sasa hutumika pia kwa mbwa na paka. Je, una faida gani, na mfugaji aulize nini kabla ya kuukubali?

Tarehe 23 Septemba mwaka 1901, katika mkutano wa wanasayansi na madaktari mjini Hamburg, Ujerumani, daktari Georg Kelling wa Dresden aliwaonyesha wenzake jambo lililokuwa geni kwao. Alijaza hewa iliyochujwa kwa pamba ndani ya tumbo la mbwa aliye hai, kisha akapenyeza darubini nyembamba iliyobuniwa na Max Nitze kwa ajili ya kuchungulia kibofu cha mkojo. Viungo vya ndani vya mbwa yule vikaonekana bila ya tumbo lake kupasuliwa.

Hata hivyo, aliyefaidika kwanza ni binadamu. Mwaka 1910 daktari wa Sweden, Hans Christian Jacobaeus, alieleza jinsi alivyoitumia njia hiyo kwa wagonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kurt Semm, mjini Kiel, aliondoa kidole tumbo kwa njia hiyo, na mwaka 1985 Erich Mühe, mjini Böblingen, akaondoa kifuko cha nyongo. Wote wawili walipingwa vikali na madaktari wenzao kabla ya kazi yao kukubalika.

Sasa ujuzi huo umemrudia mbwa, na safari hii ni kwa ajili ya kumtibu. Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaofuga mbwa au paka Ulaya na Marekani, suala hili hujitokeza mara nyingi siku wanapompeleka mnyama jike kufungwa uzazi. Mezani huwekwa njia mbili: ile ya kawaida, au ile ya matundu madogo, ambayo kwa kawaida ni ghali zaidi.

Katika njia zote mbili mnyama hupewa nusu kaputi. Kwa njia ya kawaida, tumbo hupasuliwa, na daktari huivuta kila ovari hadi kwenye jeraha ili aifunge mishipa yake ya damu na kuikata. Mvuto huo huchangia maumivu baadaye. Kwa njia ya matundu madogo, daktari hutoboa tundu moja hadi matatu, aghalabu yenye upana wa milimita 5 hadi 10, kisha hulijaza tumbo hewa ya kaboni dioksaidi ili apate nafasi ya kufanyia kazi. Hewa hiyo haishiki moto, nayo hunyonywa na damu na kutolewa kwa njia ya mapafu. Kamera huonyesha viungo kwenye kioo cha televisheni, na kifaa cha umeme huziba mishipa na kuikata ovari pale pale ilipo. Mji wa mimba ukiwa mzima, si lazima uondolewe.

Mbwa hawezi kueleza ni kwa kiasi gani anaumia. Kwa hiyo watafiti wa Marekani, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, waliwafunga shingoni mbwa 20 wenye uzito wa chini ya kilo 10 vifaa vya kupimia mwendo. Baada ya upasuaji, waliopasuliwa kwa njia ya kawaida walipunguza mwendo wao kwa asilimia 62. Waliotobolewa matundu walipunguza kwa asilimia 25.

Faida nyingine ni kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama vile aina ya Great Dane. Tumbo la chakula la mbwa hao huweza kujaa hewa na kujisokota, na mnyama asipotibiwa hufa katika muda wa saa chache. Daktari anaweza, katika upasuaji ule ule wa kufunga uzazi, kulishona tumbo hilo kwenye ukuta wa mwili ili lisijisokote. Vile vile, dume ambaye korodani yake imebaki ndani ya tumbo huweza kuondolewa korodani hiyo bila ya jeraha kubwa.

Lakini njia hii haimfai kila mnyama. Dume wa kawaida haihitaji, kwa kuwa korodani zake ziko nje. Kwa paka jike, daktari hodari hufanya kazi yote kupitia jeraha dogo sana hata kwa njia ya zamani, hivyo tofauti hupungua. Kampeni za kufunga uzazi wa mbwa na paka wengi kwa siku moja zina sababu nzuri ya kubaki na kisu cha kawaida, ambacho ni rahisi na cha haraka. Mnyama mnene kupita kiasi humpa daktari kazi ngumu zaidi, na damu ikianza kuvuja bila kudhibitiwa, tumbo hulazimika kupasuliwa hapo hapo.

Kwa sababu hiyo, mfugaji anashauriwa kuuliza mambo manne kabla ya kutia saini. Daktari huyu amekwisha kufanya upasuaji wa namna hii mara ngapi? Ni nani atakayesimamia dawa ya usingizi? Mnyama atapewa dawa gani za maumivu akirudi nyumbani? Na ikibidi tumbo lipasuliwe, gharama zitakuwa kiasi gani?

Hata matundu yakiwa madogo, mnyama azuiwe kurukaruka na kulamba mshono mpaka upone, kwani jeraha la ndani halionekani kwa macho. Na mfugaji asione haya mbele ya daktari: kuuliza si ujinga.