Nchi Jirani: Uganda, Tembo na Makapi ya Kilembe



Katika miaka ya 1960 Uganda ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 30,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walibaki kama 2,000. Vifaru hawakubaki porini hata mmoja.

Wanyama hao hawakumalizwa na ukame wala maradhi. Nduli Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, alilipanua jeshi upesi, na fedha za umma zikamiminwa kwenye silaha huku hifadhi za taifa zikikosa magari, petroli na vipuri. Pembe za ndovu zikawa biashara ya wenye rashasha. Mlinzi wa pori mwenye bunduki kuukuu angemzuiaje askari wa serikali yake mwenyewe?

Wala kuanguka kwa Amin mwaka 1979 hakukuleta nafuu mara moja. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba hata baadhi ya wapiganaji walioikomboa Uganda, wakiwamo waliotoka Tanzania, waliwinda nyama katika hifadhi ya magharibi, ile ya Queen Elizabeth. Hilo haliufuti ushindi wao, lakini si haki kulinyamazia mbele ya askari. Mwaka 1980 hifadhi hiyo ilikuwa na tembo kama 150 tu.

Kando ya hifadhi hiyo, chini ya milima ya Ruwenzori, upo mgodi wa shaba wa Kilembe uliofunguliwa mwaka 1956. Shaba yake iliipatia nchi fedha za kigeni, na makapi yake yakalundikwa karibu na mji wa Kasese. Utawala wa Amin uliudhoofisha mgodi, na mapema miaka ya 1980 uzalishaji ukasimama. Mgodi ulikufa, makapi hayakufa. Mvua iliponyesha juu yake maji yaligeuka tindikali, yakatiririka hifadhini na kuunguza majani, yakielekea Ziwa George lenye wavuvi wake. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kutoa kobalti katika lundo hilo, lakini makapi mengine yalibaki kando ya mto Nyamwamba, na mafuriko ya 2013 na 2020 yaliyazoa.

Tembo wa Uganda wameongezeka tena, wamepita 5,000. Vifaru ilibidi waagizwe: wanne wa kwanza waliletwa kutoka Kenya mwaka 2005, wakawekwa Ziwa, ambako walinzi wenye silaha huwafuata hatua kwa hatua, usiku na mchana.