Mhuri wa Gombolola

Juzi nilikuwa Molo, hapa Tororo, kwenye ofisi ya gombolola. Mzee mmoja alikuja na barua ya mwanawe, imekunjwa mara nne, imelowa jasho la mfuko wa shati. Alihitaji mhuri tu. Akauliza, "Mkubwa wa gombolola yupo?"

Neno hilo gombolola, yaani kata, si la Kiteso. Muluka, sehemu ndogo ya gombolola, si la Kiteso, wala saza iliyo juu yake. Ni maneno ya Kiganda, na aliyeyasimika huku mashariki mwa Uganda ni Semei Kakungulu na askari wake.

Kakungulu alizaliwa Kooki, karibu mwaka 1869. Aliwinda tembo, akabatizwa Mprotestanti, akawa jemadari katika vita vya dini vilivyoipasua Buganda. Yeye na Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa hawakuiva chungu kimoja, kwa hiyo Mengo, makao makuu ya Buganda, hapakuwa na nafasi yake. Aprili 1899 alikuwa kwenye kikosi kilichowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro kule Lango, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Baada ya hapo Waingereza wakamwachia njia ya kuja huku.

Akajenga ngome baada ya ngome. Kila ngome akaweka Mganda wa kutoza kodi na kukata kesi. Aliamini kwamba kamishna wa Waingereza, Sir Harry Johnston, amemwahidi ufalme, awe Kabaka wa Bukedi. Na hilo jina Bukedi, msikilizaji, lina uchungu wake: Waganda walilitumia kumaanisha nchi ya watu walio uchi. Ndilo jina tunaloitwa mpaka leo, kuanzia Tororo na Busia hadi Pallisa, na tumelizoea hata hatulisikii tena.

Alikuwa mtawala hodari, simnyimi haki yake. Mji wa Mbale ulianza na watu wake, wakapasua barabara pana, wakapanda migomba na miti. Lakini hakuna aliyewauliza Wateso, Wajopadhola wala Wagwere kama wanamtaka. Mwaka 1902 na yeye hakuulizwa: Waingereza walimtoa ngome ya Budaka, wakamkatia maili 20 za mraba kule Mbale. Ufalme ukaishia hapo. Kuanzia 1906 hadi 1913 walimweka Jinja awe Rais wa Lukiiko, baraza la Busoga, mgeni tena juu ya watu wasiomchagua. Mwaka 1919 akatahiriwa na kufuata Torati, na wafuasi wake, Abayudaya, wanasali hadi leo kwenye vilima vya Mbale. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Mwaka uleule wa 1902 alipotolewa Budaka, Waingereza walihamisha mpaka, na Wateso wakagawanywa. Ng'ambo ya mto Malaba, upande ambao leo ni Kenya, wenzetu wakaingizwa chini ya machifu wa Wanga, Nabongo Mumia na ndugu yake Murunga. Ndiyo maana leo watu wa ukoo mmoja, mahari wanakula pamoja, matanga wanakaa pamoja, lakini ikifika shida ya barua mmoja anakwenda gombolola na mwenzake anakwenda lokesheni.

Tusidhani ni mambo ya kale. Februari 2022 Rais Museveni alizindua pale Kibuku mpango wa maendeleo unaopeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila muluka. Fedha ya leo inapita kwenye mfereji uliochimbwa enzi za ngome.

Kinachoniuma ni hiki. Safari za Kakungulu zimeandikwa, vyeo vyake vimeandikwa, hata ugomvi wake na Kagwa umeandikwa. Waliolipa ile kodi, waliolimishwa zile barabara, habari zao zimo vinywani mwa wazee wachache, na wazee wanaondoka. Walimu wa Molo, nawaomba: likizo hii wapeni wanafunzi daftari, waende nyumbani wakaulize babu wa babu alimtii nani, na alipokataa alifanywa nini. Waandike kwa Ateso, kwa Dhopadhola, kwa lugha yoyote wanayosimuliwa.

Yule mzee alipata mhuri wake saa saba mchana. Nilimwuliza babu yake alitawaliwa na nani. Akaikunja barua tena mara nne, akairudisha mfukoni, akakaa kwenye benchi. Jua lilipinda tukiwa bado tunazungumza.