Olduvai ni Jina la Wakati



Mtajie Mtanzania jina la Olduvai, naye mara moja atakumbuka fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey mwaka 1959. Hakukosea. Lakini leo nataka niwaeleze Olduvai ya pili, ambayo si mahali, bali ni wakati.

Sote twajua kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini. Haikuwa hivyo siku zote. Sumaku ya dunia, itokanayo na mzunguko wa chuma kilichoyeyuka ndani kabisa ya ardhi, imegeuka mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa yapata miaka 773,000 iliyopita. Kabla ya hapo dira, kama ingekuwapo, ingeelekea kusini.

Tumejuaje? Shahidi ni matope. Chembe ndogo za madini ya chuma zinapotua chini ya ziwa au bahari, hujipanga kwa kuifuata sumaku ya wakati huo. Matope yakishindiliwa yakawa mwamba, chembe hubaki zimeelekea kule kule. Lava nayo huweka kumbukumbu kama hiyo inapopoa.

Mwaka 1963 wataalamu Grommé na Hay walitangaza kuwa lava ya Olduvai imeelekea kaskazini, ingawa ni ya enzi ambayo kwa sehemu kubwa sumaku ilikuwa imegeuka. Kumbe katikati ya enzi hiyo sumaku ilirudi kwa muda, baina ya miaka milioni 1.95 na milioni 1.78 hivi iliyopita. Mashapo ya chini ya bahari yakathibitisha, na kipindi hicho kikaitwa Olduvai. Zinjanthropus mwenyewe aliishi humo.

Faida yake ni nini? Huko Dmanisi, katika nchi ya Georgia iliyo kwenye milima ya Caucasus, yamefukuliwa mafuvu ya watu wa kale mno. Chini yake ipo lava yenye sumaku ya Olduvai. Mashapo yaliyoyafunika yana sumaku iliyogeuka. Basi ikajulikana kwamba watu wale waliishi mara baada ya Olduvai kumalizika, yapata miaka milioni 1.77 iliyopita.

Watalii hulipiga picha bonde letu; wenye maabara hulitumia kama saa. Ombi langu ni kwa walimu wa fizikia: mnapofundisha sumaku kwa msumari na betri, ongezeni na udongo wa Olduvai. Mwenye saa ukutani hapaswi kwenda kumwuliza jirani wakati.

Hadi juma lijalo, kwaherini.