Nguzo ya Nyumba Haiozi Bila Maji

Leo tunaiacha migomba na kahawa kidogo, tuzungumze juu ya nyumba anamolala mkulima mwenyewe.

Hapa Nyamiaga, na kwingineko Ngara na Biharamulo, ziko nyumba zinazosimama juu ya nguzo za miti zilizochimbiwa ardhini. Ukiitazama nguzo ukiwa ndani, ni nzima kabisa. Kumbe chini ya sakafu imekwisha. Siku ya upepo mkali paa laja chini, na watoto wamelala.

Watu husema, "Mti huu umeoza mkavu." Hapana, ndugu. Kinachoozesha mti ni kuvu, jamaa wa uyoga, na kuvu hutaka maji. Mti ambao unyevu wake ni chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Ule unaokatika vipande vipande vya rangi ya kahawia ulioza ulipokuwa na maji, ndipo ukakauka. Ukikuta vichuguu vya udongo na udongo ndani ya mti, huyo ni mchwa. Mara nyingi wote wawili wamo.

Sasa tufanyeje? Ngoja kiangazi, Juni hadi Agosti. Fukua udongo kuzunguka nguzo, kisha choma kwa kisu au msumari mrefu. Ukizama bila taabu, mti umeoza.

Kabla ya kukata chochote, weka mihimili imara ya kushikilia paa, na watoto watoke nje. Fanya nguzo moja moja, usifungue mbili kwa pamoja. Kata sehemu yote iliyooza mpaka ufike kwenye mti mgumu, na uzidishe kidogo. Chini yake jenga kiguzo cha mawe au matofali ya kuchoma kwa saruji, kipande cha bati juu yake, ndipo nguzo ikae. Bati huzuia unyevu kupanda, na mchwa akitaka kupita itambidi azunguke nje, utamwona. Ifunge nguzo kwa chuma kilichozama katika saruji, isije ikateleza.

Usimwage saruji kuzunguka mti uliochimbiwa. Maji yakiingia humo hayatoki, na nguzo huoza upesi zaidi.

Halafu ondoa chanzo. Chimba mfereji wa kupeleka maji ya paa mbali na ukuta. Teremsha udongo uliorundikwa ukutani. Kuni zisiegemezwe kwenye nyumba.

Na dawa je? Mafuta machafu ya gari hupaka nje tu, hayaingii ndani ya mti, tena huharibu udongo na maji ya kisima. Dawa za zamani za mchwa kama aldrini na dieldrini zimo katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaozikomesha. Ukiuziwa chupa ya zamani, usiitumie. Ukinunua nguzo iliyotiwa dawa kiwandani, mabaki yake yasiwe kuni za jikoni, maana moshi na majivu yake ni sumu.

Basi, ndugu wakulima, dawa ya kwanza ni jembe la kufukulia mfereji. Shika kisu leo, ukaipime nguzo ya pembeni, kabla mvua haijakutangulia. Kazi njema.